Mwaka wa Pete ya Uzi

Jumamosi iliyopita tulimzika Mjomba Owiti nyumbani kwake, nje kidogo ya Ahero, na mtu wa kwanza kunishika mkono chini ya hema alikuwa Kocha. Nasema kunishika mkono, lakini sina maana ya salamu. Hakunipa pole. Aliniminya hapa juu, kati ya bega na kiwiko, kama mama anayechagua parachichi sokoni, kisha akasema, "Bado iko kidogo, Omosh." Nina miaka hamsini na mitatu. Ninasimamia shule ya msingi yenye walimu kumi na wanne, na siku hiyo nilikuwa ndani ya koti la msiba, macho mekundu. Kocha mwenyewe siku hizi ana tumbo linalomtangulia mlangoni, lakini aliketi, akajipakulia wali na nyama, akawaambia watu wote wa meza yetu kwamba mikono hii aliijenga yeye, mtaani Manyatta, kwa saruji na dagaa wa omena, na kwamba marehemu ndiye aliyeagiza kazi hiyo. Watu wakacheka kwa adabu ya matanga. Mimi nikaendelea kutafuna nyama, maana hakuna anayegombana kwa mjomba wake siku ya mazishi. Lakini kwa kuwa Kocha anaendelea kuieneza hadithi hiyo huku akiacha nje kila kilicho cha maana, acha niiandike mimi. Naiandika nikiwa na hasira, kwa sababu kila nikiukumbuka mwaka ule hasira ndiyo hufika kwanza, na mambo mengine huja nyuma yake polepole.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na chini ya godoro langu kulikuwa na barua ya kuniita chuo cha ualimu mwezi wa tano. Sikuitaka. Nilichotaka ni kubeba magunia. Najua hilo linavyosikika leo, na walimu wangu wakilisoma hapa watanitazama kwa jicho lingine, lakini ndivyo ilivyokuwa. Likizo moja kabla ya mtihani nilitumwa na ujumbe kwa mjomba kwenye kinu cha mpunga alichofanyia kazi, ambako alikuwa mnyapara wa wapakiaji, nikawakuta wakila chakula cha mchana. Walikuwa wanaume wanane wameizunguka sinia moja: mchele uliovunjika, ule ambao kinu hakiuzi, na samaki mzima juu yake, wanakula kwa vidole huku wakibishana kuhusu ng'ombe wa mtu fulani. Dereva wa lori alikuwa amesimama pembeni, funguo mkononi, akiwasubiri wamalize. Hakuna aliyemwambia karibu, wala hakuna aliyemwambia ngoja. Alingoja tu, kwa sababu bila wao lori lake lilikuwa bati na magurudumu. Mimi sikuwa nimewahi kuona mtu akisubiriwa namna hiyo. Kwetu waliosubiriwa walikuwa wakubwa wa ofisini, nao walisubiriwa kwa woga. Nikajiambia hawa ndio wanaume, na nikatoka pale nimeshaamua maisha yangu kwa sababu ya sinia ya wali.

Kwa hiyo Januari nikaenda Ahero kuomba kazi. Hapa lazima nieleze jambo moja kwa yule asiyetujua. Kwetu mtoto wa dada, tunayemwita okewo, na okewa tukimwita ana kwa ana, hanyimwi kitu nyumbani kwa mjomba wake. Anaweza kuingia jikoni akachukua kuku, akaondoka naye kwapani, na mjomba atatabasamu huku moyo unamuuma. Kumwambia okewo "hapana" waziwazi ni aibu inayobaki mdomoni kwa wazee miaka mingi. Nililijua hilo tangu nikiwa mdogo, na nakiri kwamba nililitegemea. Mjomba Owiti alikuwa ameketi juu ya magunia, akanisikiliza mpaka mwisho, akachukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza huku na huku. Kisha akaingia ghalani peke yake. Alipotoka alikuwa na kipande cha uzi ule mnene wa kushonea magunia, amekifunga fundo kikawa pete. Akaipitisha kwenye vidole vyangu, akaipandisha hadi karibu na bega. Alipoiachilia, ikateremka yenyewe mpaka kiwikoni.

"Hii mkono bado, okewa," akasema. "Mkono ya mtu wa hapa inajaza hiyo uzi. Siku itakaa huko juu bila kuanguka, wewe kuja. Hata usipige hodi."

Mmoja wa wale wanaume wanane akapata kikohozi cha ghafla, akageukia ukutani. Nilimwona. Niliiona pia mikono yao wote, maana walikuwa vifua wazi kwa joto la Ahero: mikono myembamba, mikavu, isiyozidi yangu kwa chochote cha kujivunia. Mambo hayo yote yalikuwa mbele ya macho yangu mchana kweupe, na bado nikaiweka pete ile mfukoni, nikamshukuru mjomba kwa mikono miwili, nikarudi Kisumu nikiamini nimepewa masharti ya kazi. Hata leo nikilala nikaikumbuka shukrani ile huwa nageukia upande mwingine wa kitanda.

Kocha nilikuwa nakaa naye chumba kimoja cha mabati Manyatta. Jina lake halisi ni Wekesa, alitoka Bungoma akiwa fundi wa kuchomelea mageti, na jina la Kocha alijipa mwenyewe bila kuwahi kumfundisha mtu kitu. Alipoiona pete ile na kusikia sharti lake, uso wake ulichangamka kama aliyepata shamba. Wiki hiyohiyo akaleta bomba la maji lililokataliwa na mteja, na mikebe mikubwa minne ya mafuta ya kupikia, tukaijaza zege, miwili kila ncha ya bomba. Kokoto zikatuishia njiani, kwa hiyo mikebe ya upande mmoja ilikuwa zege safi na ya upande wa pili ilikuwa mchanga mwingi, na chuma chetu kikalalia kulia kama gari lenye pancha. Tukakubaliana kukigeuza kila asubuhi, na kila asubuhi tukagombana ni nani aliyesahau kukigeuza jana. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa, na ndoo ya maji; kikiongezwa chuma, aliyetaka kwenda mlangoni alipita kiubavu. Ratiba ya Kocha ilikuwa fupi. Kukunja mkono mara mia asubuhi, mara mia jioni, siku saba kwa wiki, Jumapili ikiwemo, kwa sababu kwake mkono uliopumzika ni mkono unaopungua. Nilimuuliza amelitoa wapi hilo. Akaniambia ni jambo linalojulikana.

Chakula nacho kilikuwa na ratiba yake. Jirani yetu, Mama Risper, alikuwa akikaanga mgongo wazi mbele ya mlango wake, ile mifupa ya samaki aitwaye mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa, na Kocha alishikilia kwamba nyama iliyoshika mfupa ndiyo inayojenga msuli. Basi tulikula mgongo wazi mchana, omena jioni, na asubuhi uji wa wimbi wenye mayai mawili mabichi. Ukuta kati yetu na Mama Risper ulikuwa bati moja tu, na kila alichowaambia wateja wake kilitufikia kikiwa kizima. Alisema hao vijana wanaguna humo ndani kama wanawake wanaojifungua. Alisema amewauliza wanabeba nini, wakasema wanabeba ili baadaye wabebe. Siku moja nilimsikia akimwambia mwanamke wa Ahero aliyemletea mchele, "Huyu mmoja anataka kuwa mtu ya gunia. Mjomba yake alimwambia afanye mkono ikuwe mkubwa kwanza." Wote wawili wakacheka mpaka sufuria ikaanguka. Nikamwambia Kocha wanawake wanapenda kucheka bila sababu. Akakubali kabisa, tukaendelea kukunja.

Mwezi wa tatu pete ilikuwa bado inateremka hadi kiwikoni, ingawa sasa ilijikokota. Ndipo ulipoingia ule ukurasa wa njugu. Kocha alinunua njugu karanga kwa mama mmoja barabarani, na karatasi iliyozifungia ilikuwa imechanwa kutoka kwenye gazeti la wazungu la kunyanyua vyuma, ina picha ya mwanaume mwenye mikono kama mapaja na jedwali la mazoezi chini yake. Jedwali lilikuwa na Jumatatu, Jumanne na nusu ya Jumatano. Siku zilizobaki zilikuwa zimefungia njugu za mtu mwingine. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapojidharau zaidi: kwa wiki mbili nzima mimi na mtu mzima mwenzangu tulinunua njugu kwa yule mama asubuhi na jioni, tukimwomba atufungie kwa karatasi ya chini, karatasi ya katikati, tukiitafuta Alhamisi. Tulipata ukurasa wa mapishi na nusu ya barua za wasomaji. Kocha akaamua kwamba tufanye Jumatatu na Jumanne mara tatu kwa wiki. Kwenye zile namba mafuta ya njugu yalikuwa yamefuta moja, hatukujua ni nane au themanini, tukachukua themanini.

Katikati ya themanini hizo mwezi wa tano ukafika, ukapita. Siku ya kuripoti chuoni niliamka mapema kama aliyeitwa, nikaitoa barua chini ya godoro, nikaisoma yote, orodha ya shuka na ndoo na kalamu, kisha nikairudisha na kuinua chuma. Mke wa mjomba, Mama Pamela, alikuja mjini Jumapili iliyofuata kuuza mboga, akapita kwangu. Alikaa ukingoni mwa kitanda akila chapati niliyomnunulia, akautazama ule mtambo wetu, akasema mjomba anauliza kama nimeshaenda chuo. Nikamwambia amwambie pete iko karibu. Akaniangalia kwa muda mrefu. Nilidhani ananistaajabia. Akaniuliza tena kama nafasi ile ya chuo itaningoja, nikasema nafasi za chuo huja kila mwaka. Alikunja leso yake taratibu, akasema sawa, atampa salamu. Mwezi wa saba akaja tena na swali lilelile, na mwezi wa nane tena. Alikuwa mwanamke mwenye mdomo mwepesi kwa kila mtu, lakini kwa jambo hili alikula chapati zangu tatu bila kuniambia neno ambalo lingeniokoa.

Kufika mwezi wa nane kiwiko changu cha kulia kilikuwa hakinyooki. Nilipooga, mkono ulibaki umekunjwa kama bawa la kuku. Pete nayo ilikuwa imekwama palepale, inashuka hadi nusu na kusimama, wiki baada ya wiki. Tulikwenda mtaa wa Mamboleo kununua saruji ya kuongeza uzito, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa tiba ya Kocha, na mlangoni pa duka la vifaa vya ujenzi alikuwa ameketi mlinzi, Mzee Barasa, aliyewahi kupigana ngumi jeshini. Aliniona nikipokea chenji kwa mkono wa kushoto. Akaniita, akauvuta ule wa kulia mpaka nikauma meno, akauliza ninafanya nini kila siku. Nikamweleza. Hakucheka hata kidogo, na kwa hilo nilimpenda. Alisema nimekuwa nikiukata mkono badala ya kuujenga. Nifanye siku tatu kwa wiki tu, na kati yake nisiguse chuma. Nijivute juu kwa kushika boriti, nijisukume chini sakafuni kwa mikono, niinue chuma juu ya kichwa, na kukunja iwe mara kumi za mwisho. "Hiyo ya mbele ni ya kuonyesha watu," alisema, akinishika nyuma ya mkono. "Nyama kubwa iko huku nyuma, na inakua ukilala." Halafu akaniuliza ninautakia nini mkono mkubwa. Nikasema nataka kubeba magunia ya mchele. Mzee Barasa akanitazama, akamtazama Kocha, akarudi kwenye kiti chake. "Haya," akasema. Hata yeye hakuniambia.

Tukarudi bila saruji, Kocha akitembea mbele yangu. Nilikuwa nimeshachagua, naye alijua. Nilipomwambia nyumbani kwamba naanza ratiba ya Mzee Barasa kesho, alisema kwa upole mbaya, "Kwa hivyo mimi nimekuwa takataka." Nikamwambia kiwiko changu hakinyooki. Akasema kiwiko ni cha waoga. Kwa wiki mbili tuliishi ndani ya chumba kile bila kusemezana, tukila sufuria moja, kila mtu akitoboa ugali upande wake. Alichomoa mikebe yake miwili, akasema bomba ni lake pia, kwa hiyo mimi nilibaki na mikebe miwili isiyo na chuma na yeye chuma kisicho na uzito, na wote wawili tulifanya mazoezi hivyohivyo kwa kiburi. Kisha asubuhi moja nikamwona akijaribu kupiga mswaki, kiwiko kimegoma, anausogeza mdomo kuufuata mswaki. Sikucheka, na hilo ndilo jambo la busara pekee nililolifanya mwaka ule. Jioni akaja na bomba, akaliweka katikati ya chumba. "Leo ni siku ya nyuma ama ya mbele?" akauliza.

Mkono ukakua. Hilo siwezi kumnyima mtu: ratiba ya siku tatu ilifanya kwa miezi minne kilichoshindikana kwa minane. Kiwiko kikanyooka, mikono ya shati ikaanza kubana, Mama Risper akaniita nimsaidie kuhamisha kabati. Mwezi wa kumi na mbili, wakati wa mavuno ya mpunga, pete ilikuwa inasimama juu nikiwa nimekaza, na inateremka kwa upana wa kidole nikilegea. Upana wa kidole kimoja. Nilijaribu kulala zaidi, nikajaribu kula zaidi, ikabaki kidole. Mwishowe nikashindwa kusubiri. Jumatatu moja nikashuka Ahero, nikajificha nyuma ya kibanda cha chai karibu na kinu, nikapiga kujisukuma chini mara hamsini ili mkono uvimbe, mbuzi wananitazama, kisha nikaingia getini nikiwa nimeutenga mkono na mwili kama aliyeungua.

Wale wanaume walikuwepo, na mjomba alikuwa palepale juu ya magunia, kama hajaondoka tangu Januari. Nilivua shati, nikatoa pete mfukoni. Hakuna aliyekohoa safari hii. Mjomba alisimama, akaipandisha mwenyewe. Nikakaza mpaka masikio yakavuma. "Legeza," akasema. Nikalegeza, na nikaisikia ikianza kushuka. Ndipo nikasikia kidole gumba chake nyuma ya mkono wangu, upande ambao wenzake hawakuuona, kimeukandamiza uzi kwenye ngozi. Aliushikilia hapo huku akiwageukia. "Imekaa," akawaambia. Wakapiga makofi. Mimi na yeye tulitazamana, na nilijua kwamba anajua nimejua. Kwa nini mtu aliyenizuia mwaka mzima anisaidie kudanganya dakika ya mwisho, sikuelewa. Nilikuwa na furaha mno hata nisiweze kuelewa kitu.

Gunia la kwanza nililikumbatia. Nililishika mbele, kifuani, kwa mikono niliyoijenga mwaka mzima, nikaliinua kutoka sakafuni kwa nguvu zote, na kwa hatua tatu nilikuwa mfalme wa Ahero. Hatua ya nne magoti yaliachana, gunia likaniangukia, mshono ukafunguka, mchele ukamwagika hadi mlangoni. Hawakucheka. Walikuja wawili wakaukusanya kwa mikono, wakashona upya, wakanionyesha taratibu kama mtu anavyomwonyesha mgeni choo. Gunia haliinuliwi na anayelibeba. Wawili wanaliinua, wewe unainama, wanalilaza nyuma ya shingo na juu ya mabega, unatembea. Mikono inaligusa tu lisiyumbe, na mtu aliyezoea hata hailigusi, anaitia kiunoni. Uzito wote unakaa shingoni, mgongoni na kwenye miguu. Mikono haina kazi pale. Nilibeba magunia saba namna hiyo, kutoka ghalani hadi kwenye lori, juu ya ubao unaonesa, na kila gunia shingo yangu ilishuka ndani ya mabega. Kwenye la nane nilisimama katikati ya ubao nikashindwa kwenda mbele wala kurudi, machozi yananitoka bila ruhusa yangu, mpaka mjomba akapanda akaliingia kwa chini na kulichukua.

Alinipeleka nyuma ya kinu, penye kivuli. Akavua shati. Katika miaka yangu yote sikuwa nimewahi kumwona mjomba bila shati, maana hata alipokuwa na wenzake vifua wazi yeye alivaa la kola, na niliamini ni cheo. Akageuka. Nyuma ya shingo yake, pale kola inapokaa, palikuwa na nundu ya ukubwa wa ngumi ya mtoto, ngozi yake nyeusi zaidi, imeng'aa kwa kusuguliwa.

"Gusa," akasema.

Nikagusa. Ilikuwa ngumu, yenye joto, na chini ya vidole vyangu ilisogea kidogo.

"Hii ndio inabeba gunia," akasema. "Miaka mbili ya kwanza ilikuwa inauma, nalala na tumbo. Sasa haiumi. Lakini kichwa haiangalii juu. Nikitaka kuona ndege lazima nilale chini."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Nilimuuliza kwa sauti mbaya, sauti ambayo mtoto wa dada hapaswi kuitumia, kwa nini aliniacha mwaka mzima.

"Ningekukataza aje? Wewe ni okewo," akasema, akivaa shati lake. "Nilijua utashindana na hiyo uzi wiki mbili, uchoke, uende chuo. Mke wangu akaniambia hujaenda. Nikamtuma tena, hujaenda. Nikasema huyu kijana ni mjinga, ama mjinga ni mimi." Akafunga kifungo cha mwisho, cha shingoni hakukifunga. "Leo umekuja na hiyo mkono. Mtu amefanya kazi yote hiyo kwa sababu ya maneno yangu, namwambia nini? Kesho ukitaka kuja, kuja. Mimi sikukatazi."

Hata pale hakusema hapana. Tulikwenda kula kwake. Mama Pamela alipika wali na mbuta, na kwa kuwa siri ilikuwa imekwisha akacheka kwa mara ya kwanza mbele yangu, akanieleza kwamba mjomba alipoingia ghalani ile Januari alikunja suruali akapima mguu wake mwenyewe, hapa nyuma chini ya goti, sehemu nene kuliko mkono wa yeyote pale kinuni. Mwaka wangu mzima nilikuwa najaribu kuufanya mkono wangu uwe mguu wa mjomba. Mjomba alitazama sahani yake. Mimi nilikula nikamaliza, nikaaga kwa adabu, nikaondoka nikiwa nimekasirika kiasi kwamba nilitembea nikaipita Ahero nzima kabla ya kukumbuka kupanda gari.

Kesho yake sikurudi. Mwaka uliofuata nilikwenda chuo, nikakaa darasa moja na watoto waliokuwa nyuma yangu sekondari, na niliomaliza nao wakawa mbele yangu kwa daraja kazini maisha yangu yote, kwa mwaka mmoja kamili. Nimefundisha miaka mingi kwa kanuni moja, kwamba mtoto akiuliza aambiwe ukweli siku hiyohiyo, kwa maneno mafupi, na walimu wangu wananiona mkali kwa sababu hiyo. Mjomba nilimtembelea kila Krismasi. Tulizungumza juu ya mafuriko, mpunga, watoto. Kuhusu mwaka ule hatukusema tena, yeye kwa aibu na mimi kwa ukaidi, na sasa ndiyo hivyo, amekufa tukiwa bado tunastahiana.

Ijumaa, siku moja kabla ya mazishi, mimi na watoto wake wawili wa kiume tulikwenda kumvalisha mochari. Pamela, binti yake, alikuwa amenunua shati jeupe, koti na tai. Shati halikufunga. Mhudumu alivuta kola kwa vidole viwili, akaizungusha, akasema shingo ya mzee ni kubwa kuliko shati. Kijana mmoja akataka arudi mjini kubadilisha, mwenzake akasema gari linangoja na watu wako barabarani, tukate shati nyuma ambapo hakuna atakayeona, tai itaficha mbele. Mhudumu akachukua mkasi. Nikajisikia nikisema wasikate. Nikasema kola iachwe wazi na tai irudi kwenye mfuko. Yule mkubwa akanisihi, "Mzee, watu watasema tumezika baba kama mtu ya kubeba gunia." Nikamwambia kwa ukali niliouhifadhi miaka thelathini na minne kwamba baba yake alikuwa mtu wa kubeba magunia, na kwamba asiyelijua hilo hajawahi kumwona baba yake akivaa. Nikapitisha mkono chini ya mabega, nikamwinua mjomba wangu peke yangu, wakamvalisha koti, nikamlaza.

Tulipofika nyumbani jioni na jeneza likafunguliwa, vijana wale walirudi nyuma wakiniachia mimi lawama. Mama Pamela alikuja polepole akishikwa na wanawake wawili. Aliitazama kola wazi. Mkono wake ukaingia nyuma ya shingo ya mumewe moja kwa moja, bila kutafuta, ukatulia pale, na hapo nikaelewa ni nani aliyekuwa akiipaka mafuta nundu ile miaka yote. Wanawake wakataka kumwondoa, wengine wapite. Akasema bado, na asiharakishwe, na mtu amletee kiti. Nilikuwa nalia kiasi cha kutoona mbele yangu, lakini kiti nilikwenda kukileta mimi.